Kulinda figo kabla ya CT-Scan ya dawa ya mshipani

Mgonjwa wako ameandikiwa CT-Scan ya tumbo, na chini ya fomu daktari ameongeza kwamba atachomwa dawa ya kontrasti. Jirani kasikia, kasema dawa hiyo inaua figo, ila kuna vidonge vya kumeza siku mbili kabla vinavyozikinga. Kabla hujashuka mjini kuzunguka maduka ya dawa, nisikilize kidogo.

Mimi ni nesi wa chumba cha CT hapa Mwanza. Kazi yangu ni kuweka kanula (kimrija cha mshipani), kusoma karatasi za maabara, kuuliza maswali ambayo watu hawapendi kuulizwa, na kumrudisha mtu kwa daktari wake pale ninapoona mambo hayajakaa sawa. Dozi za mtu siandiki, hizo ni za daktari anayemjua. Ila mpangilio wa mambo ya kufanya naujua vizuri, na hela nyingi naziona zikipotea kwenye jambo lisilo na faida huku jambo lenyewe likiachwa.

Jibu la haraka ni hili: kidonge kilichothibitika kuzuia figo zisiumizwe na kontrasti hakipo. Kinachosaidia ni kuijua hali ya figo mapema, kuondoa dawa zinazozibana, kutomwacha mgonjwa akauke, na kwa wachache, dripu ya maji ya chumvi.

Nani hasa awe na wasiwasi

Kontrasti ya CT ina iodini ndani yake. Inaingia mshipani, inang'arisha mishipa na viungo kwenye picha, kisha inatoka kwa njia ya mkojo. Kwa mtu mwenye figo nzima, karibu yote inakuwa imetoka ndani ya saa 24. Zile za zamani zilikuwa nzito kuliko damu mara kadhaa, na sifa mbaya nyingi zilianzia huko. Tunazotumia sasa, kama ioheksoli, ni nyepesi zaidi, na iodiksanoli inalingana kabisa na damu.

Kuanzia mwaka 2013 zilitoka tafiti kubwa Marekani zilizolinganisha waliofanyiwa CT kwa kontrasti na waliofanyiwa bila kontrasti. Kwa wenye figo zinazofanya kazi vizuri, waliopata shida ya figo baadaye walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Maana yake, mgonjwa aliyelazwa figo zake zinaweza kushuka kwa sababu ya ugonjwa uliomlaza, halafu lawama zote akapewa mtu wa sindano. Sisemi hivyo kwa kujitetea (labda kidogo).

Wa kuangaliwa kwa jicho kali ni mtu ambaye kasi ya figo zake kuchuja damu (namba ya maabara, nitaieleza hapo chini) iko chini ya 30, na yule ambaye figo zake zinashuka sasa hivi, leo, wodini. Kati ya 30 na 44 daktari anaamua mwenyewe: ana sukari? Amepungukiwa maji? Atarudia kontrasti kesho? Aliye 45 na kuendelea, kwa sindano ya kawaida ya mkononi, hana haja ya dripu ya kinga wala dawa yoyote. Anayefanyiwa uchunguzi wa mishipa ya moyo, ambapo dawa inapitishwa kwenye ateri na kufika kwenye figo ikiwa bado nzito, huyo anawekewa tahadhari mapema zaidi.

Karatasi ya kreatinini

Hii ndiyo karatasi utakayoulizwa mlangoni, kwa hiyo usiiache nyumbani Igoma. Damu inapimwa kreatinini, taka ambayo figo huitoa mwilini, na kutokana nayo inakokotolewa kasi ya kuchuja. Maabara nyingine huichapa kabisa, imeandikwa eGFR. Nyingine hutoa kreatinini peke yake, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Chukua kreatinini ya maikromoli 110 kwa lita. Kijana wa miaka 28 anayebeba magunia ya dagaa Mwaloni Kirumba akiwa na 110, kasi yake ni kama 80, sina shida naye. Bibi wa miaka 70, mwembamba, akija na 110 ile ile, kasi yake ni kama 47, na akiharisha siku mbili tu anaweza kushuka chini ya 30. Kreatinini inatoka kwenye misuli, na bibi misuli hana. Kwa hiyo ukiambiwa "kreatinini iko kawaida", uliza na kasi ni ngapi, na mweleze anayekokotoa umri na jinsia. Karatasi ikiwa ya miligramu kwa desilita, zidisha kwa 88 upate maikromoli.

Kipimo kiwe cha lini? Mgonjwa wa nje aliyetulia, cha ndani ya mwezi mmoja kinakubalika sehemu nyingi. Aliyelazwa, anayetapika, mwenye homa kali au anayeharisha, cha mwezi uliopita si chake tena. Apimwe upya.

Kuna kundi moja la huku kwetu ambalo sipendi lipite bila kuulizwa: waliokojoa damu utotoni au ukubwani kwa sababu ya kichocho. Kichocho cha mkojo kikikaa miaka bila tiba kinaweza kuziba mirija ya kushusha mkojo, na figo ikaharibika polepole bila maumivu yoyote. Mtu anajiona mzima, analima, anavua, na namba zake ni mbaya. Mwambie daktari historia hiyo hata kama ilikuwa zamani.

Mwaga mfuko wa dawa mezani

Hapa ndipo dawa zinapoingia kwa kweli, na nyingi ni za kuacha, siyo za kuongeza. Ngoja nikuonyeshe jinsi mazungumzo yanavyokwenda.

"Shikamoo mzee. Unatumia dawa gani nyumbani?"

"Marahaba. Situmii dawa, mwanangu. Za presha tu."

"Na za maumivu?"

"Aa, hizo za mgongo siyo dawa, nanunua dukani."

Mfuko wa rambo unafunguliwa, na ndani kuna diklofenaki karatasi mbili, moja imebaki vidonge vitatu. Anameza asubuhi na jioni tangu msimu wa kulima. Mwanaye aliyemsindikiza anashangaa kuliko mimi.

Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu na ndugu zao wote hubana mshipa mdogo unaoleta damu kwenye chujio la figo. Figo ya mzee yenye presha inaishi kwa kutegemea mshipa huo ubaki wazi. Ukileta kontrasti juu ya hapo, umemkaba mtu pande mbili. Ongea na daktari ziachwe kama siku mbili kabla na siku mbili baada, na maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Mimi ningesema kwa mtu mwenye figo dhaifu asirudi kwenye vidonge hivyo kabisa, kontrasti au hakuna kontrasti. Na sindano za maumivu za dukani zimo humo humo.

Metformini ya sukari ina hadithi tofauti. Yenyewe haiumizi figo. Inatolewa na figo, kwa hiyo figo zikigoma inajaa mwilini na inaweza kuifanya damu iwe na asidi nyingi, hali ya hatari. Mwenye kasi chini ya 30 au ambaye figo zinashuka kwa ghafla anaisimamisha wakati wa kipimo na haanzi tena mpaka zipite saa 48 na kreatinini ipimwe tena. Mwenye kasi ya 30 na zaidi, asiye na shida ya ghafla, na sindano ni ya mkononi, miongozo mikubwa inamruhusu aendelee. Hospitali nyingine humsimamisha kila mtu. Ukikutana na utaratibu huo ufuate, ila uliza sukari itadhibitiwa na nini kwa siku hizo mbili, maana nimeona watu wanarudi na sukari imepanda sana kwa kuogopa.

Enalapri, losartani na wenzao wa presha usiache kwa akili yako. Faida ya kuziacha kabla ya kontrasti haijawa wazi, na presha ikipanda ghafla nayo inaumiza figo. Daktari aamue.

Vidonge vya kukojoa, furosemidi, ambayo wengi mnaiita Lasix: kuna wanaodhani ukikojoa sana unaiosha figo. Mwaka 1994 Marekani walilijaribu hilo kwa wagonjwa 78 wenye figo dhaifu. Waliopewa maji ya chumvi peke yake, asilimia 11 figo zilishuka. Waliopewa maji pamoja na furosemidi, asilimia 40. Kama mgonjwa wako anaitumia kwa ajili ya moyo, daktari ndiye wa kusema aendelee au aruke siku hiyo. Kama hakuandikiwa, usimpe "akojoe vizuri".

Anayetumia ARV zenye tenofovia asiziache hata siku moja. Atuambie tu, kwa sauti ya chini kama hataki wa foleni wasikie, kwa sababu dawa hiyo inataka figo zifuatiliwe. Kwa waliolazwa, uliza kama wanachomwa jentamaisini, antibayotiki inayoweza kuumiza figo. Na mitishamba: sigombani na mtu wala na mganga wake, lakini mizizi ya kuchemsha isiyojulikana ni nini, iwekwe kando wiki hiyo. Tukiuliza usiifiche. Sisi hatukamati mtu.

Vidonge ambavyo jirani alivisikia

Jirani hakuzua. Mwaka 2000 utafiti mdogo wa Ujerumani, wagonjwa 83, ulionyesha kwamba asetilisisteini, ambayo ni dawa ya kulainisha makohozi na pia tiba ya aliyezidisha parasetamoli, inakinga figo vizuri mno. Ni ya bei nafuu, haina madhara makubwa, miligramu 600 asubuhi na jioni. Nani angekataa? Hospitali duniani kote zikaanza kuigawa. Kisha mwaka 2011 Wabrazili wakaijaribu kwa wagonjwa 2,308. Waliokula dawa, asilimia 12.7 walipata shida ya figo. Waliokula ya bandia, asilimia 12.7. Namba ile ile.

Kikaja bikaboneti ya sodiamu kwa dripu mwaka 2004, nayo kwa utafiti mdogo wa watu 119, nayo ikapendwa. Mwaka 2018 ndipo hesabu ikafungwa: wagonjwa karibu 5,000, wenye figo dhaifu hasa, wanaofanyiwa uchunguzi wa mishipa kwa kontrasti. Bikaboneti haikuishinda chumvi ya kawaida. Asetilisisteini haikushinda kidonge kisicho na kitu.

Kwa hiyo mtu akikuuzia asetilisisteini kwa ajili hiyo leo, anakuuzia habari ya zamani. Haitamdhuru mgonjwa, lakini hela hiyo ndiyo ya kipimo cha pili cha kreatinini. Dopamini, manitoli na teofilini nazo zilipita njia hiyo hiyo. Dawa za lehemu kama rosuvastatini zilionyesha faida kwa watu wenye shambulio la moyo wanaopelekwa kuchunguzwa mishipa ya moyo, ila hao wanapewa dawa hiyo kwa ajili ya moyo hata hivyo. Siyo ya mtu wa CT ya tumbo. Na kusafisha damu kwa mashine mara baada ya kontrasti "ili itoke haraka" hakukingi figo. Aliye kwenye dayalisisi tayari anaendelea na ratiba yake ya kawaida.

Maji

Kilichobaki kwenye mikono yetu ni maji, na hata hayo siyo ya kila mtu. Mwaka 2017 Waholanzi waliwachukua watu 660 wenye kasi kati ya 30 na 59, nusu wakapewa dripu, nusu hawakupewa. Waliopata shida: asilimia 2.7 kwa dripu, asilimia 2.6 bila dripu. Tena katika waliopewa, wachache walizidiwa na maji, moyo ukashindwa. Ndiyo maana nikikuambia mgonjwa wako hahitaji dripu usidhani nambania.

Anayeihitaji, yule wa chini ya 30, anapewa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Mpango unaotumika sana kwa mgonjwa wa nje ni mililita 3 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa moja kabla ya kipimo, halafu mililita 1 hadi 1.5 kwa kilo kila saa, kwa saa 4 hadi 6 baadaye. Mtu wa kilo 60 ataingiza mililita 180 kabla, na jumla yote itakuwa kati ya chupa moja ya nusu lita na moja na nusu hivi. Wengine wanapangiwa saa nyingi zaidi, hasa waliolazwa. Kwa hiyo panga siku yako: huyu hatapimwa saa nne na kupanda gari saa tano. Mwenye moyo mpana, anayevimba miguu, anayelala kwa mito mitatu, mtaje mapema kabla mtu hajatundika chupa. Dripu ya haraka inaweza kumjaza maji kwenye mapafu pale pale kitandani.

Wengine wote wanywe. Maji ya kawaida, chai, uji mwepesi. Tatizo letu kubwa hapa ni watu kuambiwa "usile" wakaelewa "usinywe". Mama anatoka Ukerewe, ametapika kwenye meli ya kutoka Nansio, hajaweka hata funda la maji mdomoni tangu jana jioni, amepanda mlima wa Bugando kwa miguu na jua la saa sita, anafika midomo imekauka. Huyo ndiye ninayemwogopea kuliko mwenye sukari aliyekunywa chai yake. Miongozo mingi ya sasa haitaki hata kufunga chakula kwa CT ya kawaida, lakini kila hospitali ina karatasi yake, na kuna vipimo vya tumbo au vya kupewa dawa ya usingizi vyenye masharti. Siku unayopewa tarehe, uliza swali moja kwa maneno haya haya: "Maji je, anaruhusiwa kunywa mpaka saa ngapi?"

Samaki hawahusiki

Kanda ya Ziwa hili siwezi kuliruka. Mtu anasema ana aleji ya kontrasti kwa sababu akila sangara anavimba midomo. Hapana. Aleji ya samaki ni ya protini ya samaki, na kontrasti haina samaki. Tuambie tu kama una aleji yoyote, tutaiandika. Ila aliyewahi kuchomwa kontrasti hiyo hiyo akapata vipele, akavimba uso au akakosa pumzi, huyo kweli ana jambo, na anaweza kuandikiwa prednisoloni kuanzia saa 13 kabla. Prednisoloni hiyo ni ya aleji. Haihusiani na figo, ingawa watu huzichanganya na kudhani ndiyo ile "dawa ya kinga".

Unaweza pia kuuliza kama kontrasti yenyewe ina lazima. Jiwe la figo linaonekana bila kontrasti. Mambo mengine ultrasaundi inayamaliza. Daktari mzuri hachukii swali hilo. Lakini mgonjwa wa ajali ya bodaboda anayevuja damu tumboni, au aliyepooza upande mmoja asubuhi hii, msikae kugombania kreatinini. Anapelekwa mashineni, figo zinaangaliwa baadaye.

Baada ya kipimo

Anaruhusiwa kula, kunywa na kunyonyesha. Mkojo haubadiliki rangi, na kutokuona mabadiliko hakumaanishi dawa haijatoka. Mwenye figo nzuri hana miadi ya damu. Mwenye figo dhaifu arudie kreatinini kati ya saa 48 na 72. Ikipanda maikromoli 26 au zaidi ndani ya siku mbili, daktari aone siku hiyo. Mara nyingi inapanda, inafika kileleni siku ya tatu hadi ya tano, na inashuka yenyewe ndani ya wiki moja au mbili, ilimradi hakuna anayeongeza diklofenaki katikati.

Anayeishi mbali, Ukara au ndani ya Kwimba, hana haja ya kurudi mjini kwa ajili ya tone la damu. Apime kwenye hospitali ya wilaya iliyo karibu, apige picha karatasi na kumtumia daktari aliyemwandikia. Kabla ya kuondoka kwetu aombe nakala ya kreatinini ya kwanza, kwa sababu huko wilayani watahitaji namba ya kulinganisha nayo. Mkojo ukipungua sana, uso ukivimba asubuhi, au pumzi zikibana anapolala chali, asingoje hizo saa 48. Aende usiku huo huo, na mfuko wake wa dawa.